Kuomba ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso ukiwa na matokeo dhaifu: mwongozo kwa daktari wa meno wa Dar es Salaam

Transkripti haina kifutio. C ya patholojia uliyoipata chuoni utakuwa nayo mpaka unastaafu, na kamati ya udahili, iwe ya Muhimbili, ya Nairobi au ya Marekani, itaiona kabla haijaiona sura yako. Kilichobaki mikononi mwako ni karatasi zitakazofuata baada ya hiyo transkripti.

Mwongozo huu namwandikia daktari aliyemaliza DDS (shahada ya udaktari wa meno), aliyemaliza intaniship (mwaka wa mazoezi kazini) au anayekaribia kuimaliza, anayefanya kazi hapa mjini, na anayetaka kuwa bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso huku akijua kwamba faili lake linachechemea. Hoja yangu ni moja: kila udhaifu unazua shaka yake, na dawa ya shaka moja haitibu nyingine. Vijana wengi huona wastani wao ni mdogo, wakakimbilia kukusanya vyeti vya semina, vyeti ishirini, thelathini, kila kimoja cha saa mbili za mtandaoni. Kamati inajiuliza kama utaweza kumaliza programu na kama unaweza kuachiwa mgonjwa usiku. Vyeti hivyo havijibu hata swali moja kati ya hayo mawili.

Lisome faili lako kwa macho ya mtu asiyekujua

Chapisha transkripti, cheti cha intaniship, leseni na wasifu wako. Viweke mezani, chukua kalamu, na kando ya kila jambo baya andika shaka inayozuka. Usijionee huruma.

Wastani mdogo kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho unamwambia msomaji kwamba huenda hutamudu kusoma vitabu vizito huku ukifanya zamu. Sapu (mitihani ya kurudia) za mwaka wa kwanza na wa pili, kisha alama zinazopanda, ni hadithi tofauti kabisa. Hapo shaka ni juu ya anatomia, fiziolojia na baiokemia peke yake, na tayari una nusu ya jibu kwa sababu mstari wako unapanda. Mstari unaoshuka ni mbaya zaidi: mtu aliyeanza na A akamaliza na C kwenye miaka ya kliniki ana kazi ngumu kuliko aliyeanza vibaya, maana upasuaji ni kliniki.

Pengo la miaka bila kazi ya kitabibu linazua shaka ya mikono na leseni. Kurudia mwaka kunazua shaka ya uvumilivu. Kutokuwa na mdhamini hata mmoja kutoka idara ya upasuaji kunamfanya msomaji ajiulize kama unaijua kazi yenyewe au umeipenda kwa mbali. Adhabu ya nidhamu iko peke yake. Hiyo usijaribu kuizungushia maneno. Itahitaji aya yake kwenye barua, na mdhamini anayeijua.

Ukimaliza, chagua shaka mbili kubwa. Mwaka au miaka miwili ijayo utaitumia kuzijibu hizo. Nyingine ziache zilivyo.

Chagua unakoomba kabla hujaanza kujenga

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza muda, kwa sababu milango ya fani hii haifanani.

Muhimbili, yaani MUHAS, ina shahada ya uzamili ya MDent katika upasuaji wa kinywa, taya na uso. Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere nao wanafundisha fani hii. Katika milango hii mitatu DDS yako inatambulika, usajili wako kwa Baraza la Madaktari Tanganyika ni msingi unaoeleweka, na wanaosoma faili wanazijua hospitali ulizofanyia kazi. Neno la mtu anayejulikana lina uzito mkubwa. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno: kiwango cha chini cha wastani, miaka ya kazi baada ya intaniship, barua ya mwajiri. Kama uko chini ya kiwango kilichoandikwa, andika kwa ofisi ya masomo ya uzamili uulize kama sifa nyingine zinazingatiwa, na uombe jibu kwa maandishi. Usitegemee maneno ya kwenye kundi la WhatsApp.

Uingereza upasuaji huu unahesabiwa kuwa fani ya udaktari inayodai shahada mbili, ya meno na ya utabibu. Kama huna mpango wa kurudi kusoma MD, usipoteze nguvu huko. Afrika Kusini utahitaji kwanza usajili wa HPCSA, baraza la wataalamu wa afya la huko, na mlolongo wake ni mrefu.

Marekani ndiko vijana wanakoniulizia sana, basi nieleze kwa kina kidogo. Kuna programu za miaka 4 zinazotoa cheti cha ubingwa, na za miaka 6 zinazotoa na shahada ya MD ndani yake. Maombi hupitia ADEA PASS, mfumo wa pamoja wa kuomba ubingwa wa meno, na nafasi hugawanywa kwa utaratibu wa kulinganisha chaguo la mwombaji na chaguo la programu. Programu nyingi hudai shahada ya meno ya chuo cha Marekani au Kanada kilichoidhinishwa. Kwa hiyo daktari kutoka Dar huwa na njia mbili: kusoma upya kozi fupi ya DDS au DMD (majina mawili ya shahada ileile) inayopokea madaktari wa nje, kwa kawaida miaka 2 hadi 3 na kwa ada nzito, au kutafuta mwaka mmoja wa intaniship ya upasuaji isiyo na ahadi ya kuendelea, akijenga jina humo. Hiyo ya pili ina ushindani na haina uhakika. Naisema wazi kwa sababu nimeona vijana wakiuza kiwanja cha Chanika kabla hawajasoma masharti ya programu hata moja.

Masomo ya msingi: jibu la alama mbovu ni alama mpya

Shaka ya kitaaluma hujibiwa kwa ushahidi wa kitaaluma. Barua nzuri haiwezi kuifuta, na ukarimu wako kwa wagonjwa hauwezi pia.

Kwa anayelenga Marekani, ushahidi huo una jina: CBSE, mtihani wa sayansi za msingi unaotungwa na NBME (bodi ya mitihani ya udaktari ya Marekani) na kutolewa kwa waombaji wa fani hii kupitia AAOMS (chama cha mabingwa wa fani hii huko), mara mbili kwa mwaka. Una maswali 200 katika mafungu manne ya maswali 50, na kila fungu lina saa moja na robo. Unapima patholojia, fiziolojia, famakolojia, anatomia, mikrobiolojia na baiokemia kwa kina cha mwanafunzi wa udaktari, na meno humo ni machache mno. Mtihani wa leseni ya meno wa Marekani, INBDE, hutoa faulu au feli tu, na USMLE (mtihani wa leseni ya udaktari) ya hatua ya kwanza nayo iliacha kutoa alama mwezi Januari 2022. CBSE bado inatoa namba. Kwa mtu mwenye wastani mbovu hiyo ni neema, kwa sababu ni mahali pekee ambapo wewe na aliyemaliza na A tupu mnapimwa kwa kipimo kimoja, siku moja.

Kwa daktari mwenye kazi, jipe mwaka mzima wa kuusomea. Nguvu nyingi ziende kwenye kufanya maswali kuliko kusoma kurasa. Fanya fungu la maswali 50 kwa saa moja na robo bila simu, kisha tumia muda mara mbili ya huo kusoma maelezo ya kila jibu, hata ulilopata. Weka daftari la makosa lenye safu tatu: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya. Baada ya wiki chache safu moja itakuwa ndefu kuliko nyingine. Kama ni ya tatu, tatizo lako ni haraka, na kurudia mada hakutakusaidia.

Anayebaki Afrika Mashariki hana CBSE, na hapo ndipo ubunifu unahitajika. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kufundisha. Vyuo vya afya vya kati hapa mjini na vyuo vikuu binafsi mara nyingi huhitaji wakufunzi wa muda wa anatomia na fiziolojia. Omba kipindi cha anatomia ya kichwa na shingo. Anayesimama mbele ya darasa kueleza matawi ya neva ya tano hana pa kujificha, na baada ya mihula miwili mkuu wa idara anaweza kuandika kwamba unalijua somo ambalo transkripti inasema hukulijua. Ukiona unaweza, omba pia kusaidia kwenye chumba cha anatomia wakati wanafunzi wanachambua miili. Kuziona tabaka za shingo kwa mkono wako kutakufaa siku ya kufungua jipu la shingo.

Na shahada nyingine ya uzamili kwanza, kama ya afya ya jamii? Hapa natofautiana na wengi. Inafaa kama wastani wako uko chini ya kiwango kilichoandikwa na tangazo linakubali shahada ya juu kama mbadala, au kama unapenda afya ya jamii kwa dhati. Kama lengo ni kuonesha kwamba unaweza kusoma tu, ni njia ndefu na ya gharama ya kusema jambo ambalo mihula miwili ya kufundisha ingelisema.

Thieta, wodi na logibuku

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwa daktari wa Dar, na ndiyo inayopuuzwa. Jiji hili lina majeruhi wa bodaboda na bajaji kila usiku, lina majipu ya meno yanayofika yakiwa yameshashuka shingoni, lina uvimbe wa taya unaokuja baada ya mgonjwa kuzunguka kwa waganga miaka mitatu. Daktari wa Ulaya anaweza kumaliza mafunzo yake yote akiwa ameona ameloblastoma (aina ya uvimbe wa taya) chache tu za ukubwa tunaouona hapa.

Kama kazi yako ni kliniki binafsi ya Sinza au Kariakoo, unang'oa na kuziba kutwa nzima, faili lako halitasema lolote kuhusu upasuaji. Omba kujitolea siku moja au mbili kwa wiki kwenye idara ya meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala. Barua iende kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa mkuu wa idara ya kinywa na meno, ikiambatana na nakala ya leseni hai. Taja siku na saa. "Niko tayari wakati wowote" huonekana ni maneno tu. "Jumanne na Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, na zamu moja ya usiku kila wiki" humfanya mkuu wa idara aitazame ratiba yake. Ndiyo, utapoteza fedha za lokamu (kazi za muda kwenye kliniki nyingine) za siku hizo. Hesabu hiyo ifanye mapema na mwenzi wako nyumbani, isije ikawa ugomvi mwezi wa tatu.

Ukiingia, usikimbilie kisu. Anayeandikiwa barua nzuri ni yule anayemfuata mgonjwa kuanzia mapokezi hadi siku ya kutoa nyuzi. Jifunze kupokea majeruhi wa taya: njia ya hewa kwanza, shingo isichezeshwe mpaka ithibitike ni salama, damu, kisha ndipo meno yanavyokutana. Jifunze kufunga meno kwa waya na pau, kazi ambayo rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa kwanza ataifanya mpaka vidole viume. Jifunze kuandika maelezo ya upasuaji, maagizo ya baada ya upasuaji, na kumweleza ndugu wa mgonjwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa nini mtu wake atakunywa uji kwa mrija wiki kadhaa. Mbinu za kurekebisha mivunjiko ya uso zinapatikana bure kwenye tovuti ya AO Foundation, hatua kwa hatua kwa michoro. Zisome usiku kabla ya siku ya thieta, siyo baada yake.

Kila unachofanya kiingie kwenye logibuku (daftari la kumbukumbu za kazi zako) siku hiyohiyo. Andika tarehe, namba ya faili (jina la mgonjwa usiliandike kabisa), umri na jinsia, utambuzi, kilichofanyika, nafasi yako, kilichotokea baadaye, na saini ya msimamizi. Nafasi yako ina ngazi nne: niliangalia, nilisaidia, nilifanya chini ya usimamizi, nilifanya mwenyewe. Kuwa mkweli hapo mpaka uchungu. Bingwa yeyote anajua daktari wa miaka miwili hafanyi nini, na mstari mmoja wa uongo unachafua kurasa zote. Safu ya matatizo ya baadaye nayo isibaki tupu. Logibuku isiyo na kidonda kilichooza hata kimoja inamwambia msomaji kwamba hukurudi wodini kuangalia. Picha za wagonjwa zitunze kwa idhini ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama simu ni yako.

Mwisho wa mwaka tengeneza ukurasa mmoja wa muhtasari: mivunjiko ya taya la chini mingapi na kwa nafasi gani, majipu mangapi, magego ya mwisho yaliyozama mangapi, uvimbe ngapi. Ukurasa huo ndio utakaosomwa. Logibuku yenyewe itafunguliwa bila mpangilio sehemu mbili tatu kuona kama inasema ukweli.

Wadhamini

Barua tatu za watu wanaokujua kazini zina nguvu kuliko moja ya profesa aliyekufundisha ukumbini pamoja na wenzako. Kwa faili dhaifu nashauri mchanganyiko huu: bingwa wa upasuaji aliyesimama nawe thieta, mtu wa taaluma aliyekuona ukifundisha au ukifanya utafiti, na aliyekusimamia wakati wa intaniship au mwajiri wa sasa.

Namna ya kuomba ina adabu zake. Usitume ujumbe wa simu usiku ukimwambia Dokta kwamba tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Nenda ana kwa ana, miezi miwili kabla, umkute akiwa na nafasi, na useme waziwazi: "Shikamoo Profesa. Naomba ubingwa mwaka huu. Matokeo yangu ya mwaka wa pili hayakuwa mazuri, nimeyaeleza humu. Je, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua ya kunitetea?" Swali hilo linampa mlango wa kukataa kwa heshima. Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Barua ya vuguvugu inaumiza kuliko kukosa barua. Akikubali, mwachie bahasha yenye wasifu, transkripti, muhtasari wa logibuku, na karatasi moja inayomkumbusha wagonjwa wawili watatu mliowahudumia pamoja. Mwombe aguse udhaifu wako kwa jina. Sentensi moja ya bingwa inayosema "alama zake za anatomia haziakisi ninachokiona thieta" ina uzito ambao wewe mwenyewe huwezi kuuandika.

Utafiti mdogo uliokamilika

Usianze na wazo kubwa. Kamati haitegemei daktari wa kliniki awe ameleta ugunduzi. Inataka kuona umeanza jambo na umelimaliza.

Mfano unaowezekana hapa mjini: mapitio ya mafaili ya majeruhi wa mivunjiko ya taya waliohudumiwa hospitali moja kwa miaka 2. Vigezo vyake ni umri, jinsia, chanzo cha ajali, kama alikuwa dereva au abiria wa bodaboda, kama alivaa kofia ngumu na ya aina gani, sehemu ya taya iliyovunjika, siku zilizopita kabla ya tiba, na maambukizi baada ya tiba. Swali la kofia ndilo zuri zaidi, maana nyingi zinazovaliwa mjini zinafunika fuvu na kuacha kidevu wazi. Tatizo utakaloligundua ni kwamba mafaili mengi hayakuandika habari ya kofia. Hilo nalo ni matokeo, liandike. Mada nyingine ya kwetu ni watoto wachanga wanaong'olewa vichipukizi vya jino kwa imani ya "meno ya plastiki", kwamba vichipukizi hivyo ndivyo vinavyomletea mtoto homa na kuharisha. Inahitaji utulivu na heshima kwa akina mama, lakini mabingwa wa hapa wanaijua na wataisoma.

Hata mapitio ya mafaili yanahitaji kibali cha maadili na ruhusa ya hospitali kabla ya kufungua faili la kwanza. Tafuta msimamizi anayejua mlango wa kamati ya maadili ya taasisi yake au wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), maana kibali kinaweza kuchukua miezi. Kwa ripoti ya mgonjwa mmoja fuata CARE, mwongozo wa kimataifa wa kuandika ripoti za namna hiyo, na idhini ya mgonjwa iwe ya maandishi. Ukiandika kuhusu ameloblastoma usiishie siku ya upasuaji. Uvimbe ule hukua taratibu bila maumivu na hurudi ukikwanguliwa tu, hivyo msomaji atataka kujua mgonjwa yuko wapi baada ya miaka.

Jarida litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye majarida ya Afrika yaliyoko kwenye tovuti ya AJOL. Linalokutumia barua pepe kukusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa ada, liepuke. Kwenye wasifu wa mwombaji mwenye alama ndogo, jarida la namna hiyo linasomeka kama njia ya mkato nyingine.

Barua ya maelezo binafsi

Utaiandika kwa Kiingereza, lakini hoja ipange kwa Kiswahili kwanza ili usijifiche nyuma ya misemo mizuri. Watu huharibu kwa namna mbili: wengine hawataji udhaifu kabisa, wengine wanautumia ukurasa mzima kulia. Udhaifu upewe aya moja fupi yenye mambo matatu: kilichotokea, nilichobadilisha, ushahidi. Linganisha hizi.

"Mwaka wa pili nilipitia changamoto nyingi za kifamilia ambazo ziliathiri masomo yangu, lakini sikukata tamaa na zilinifundisha kuwa imara."

"Mwaka wa pili nilirudia mitihani ya anatomia na fiziolojia. Baba alikuwa amelazwa na nilikuwa nikifanya kazi usiku kulipa ada. Sikumweleza mshauri wa wanafunzi. Alama zangu za miaka ya kliniki zilipanda, na kwa mihula minne sasa nafundisha anatomia ya kichwa na shingo."

Ya kwanza inaweza kuandikwa na yeyote. Ya pili inaweza kuthibitishwa. Kama sababu ya kweli ni kwamba hukusoma, sema hukujipanga na usimtafutie babu ugonjwa. Nafasi iliyobaki ieleze kazi: mgonjwa mmoja uliyemfuata mpaka mwisho, ulichokiona kinakosekana, na kwa nini mafunzo ya programu hiyo, siyo nyingine, yanakifikia.

Usaili

Swali la alama litakuja, mara nyingi la kwanza. Jibu kwa sekunde thelathini, maneno yaleyale ya kwenye barua, kisha nyamaza. Anayeendelea kujieleza baada ya jibu huonekana bado analibeba.

Maswali ya kliniki ndiyo ya kufanyia mazoezi. Chukua hili: saa nane usiku analetwa mwanaume wa miaka arobaini, uvimbe chini ya kidevu pande zote mbili, mgumu kama ubao, ulimi umesukumwa juu, mate yanamtoka, hawezi kulala chali. Mwombaji dhaifu huanza na aina za antibayotiki. Anza na njia ya hewa: mwache amekaa, mpe oksijeni, mwite mtaalamu wa usingizi na mtu anayeweza kufungua njia ya hewa shingoni kwa kisu sasa hivi, kabla hujampeleka kupiga picha yoyote. Kisha mshipa, damu, sukari, antibayotiki za mshipani, kufungua na kutoa usaha au mgandamizo, kung'oa jino lililoanzisha. Uliza kuhusu kisukari na VVU. Na useme ni wakati gani ungempigia bingwa simu. Hilo wanalisubiri kuliko jina la dawa.

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu atakayekukatiza. Rezidenti wa sasa ni bora kuliko kioo.

Fedha, mwajiri na makaratasi

Rezidenti wa Marekani kwa kawaida hulipwa; wa kwetu hulipa ada, au hulipiwa. Kama ni mtumishi wa serikali, anza na mwajiri mapema. Halmashauri inapaswa kuwa na jina lako kwenye mpango wa mafunzo kabla hujadahiliwa, na ruhusa ya masomo inayoombwa baada ya barua ya udahili mara nyingi huchelewa. Kama unajilipia, kaa na hesabu ya miaka yote, siyo ada ya mwaka wa kwanza pekee: nauli, nyumba, vifaa, gharama za tasnifu, na kwamba lokamu za jioni zitapungua karibu ziishe.

Nakala zote ziwe zimethibitishwa na wakili au chuo, majina yafanane herufi kwa herufi kuanzia cheti cha kidato cha nne hadi leseni. Kama yametofautiana, kiapo cha majina kitengenezwe sasa.

Ukikosa

Andika barua ya adabu ukiuliza ni eneo gani la faili lako lilikuwa dhaifu zaidi kuliko la waliochaguliwa. Wengine hawatajibu. Atakayejibu amekupa ramani. Usiombe tena mwaka unaofuata kwa faili lilelile lenye tarehe mpya. Kama hakuna jambo jipya la kuonesha, kama alama, muhula wa kufundisha, makala iliyokubaliwa au kurasa mpya za logibuku, ruka mwaka mmoja. Jipangie mapema utaomba mara ngapi na umwambie mwenzi wako, kwa sababu wapo waliosubiri mlango mmoja miaka na miaka huku fani jirani, kama ya meno ya watoto au patholojia ya kinywa, ikiwa na nafasi wanayoiweza.

Katika kipindi chote hicho cha kusubiri, pointi za mafunzo endelevu zikusanywe na leseni ihuishwe kwa wakati kila mwaka. Ikikatika, hospitali haitakupokea kujitolea, mdhamini hatakuwa na cha kuandika kuhusu mwaka huo, na ombi litarudishwa mezani kwa mpokea maombi kabla hata ya GPA kusomwa.